Mtoto Hasikii

Machi 1858, usiku wa mvua na upepo katika kisiwa kimoja cha Ziwa Tanganyika, mdudu aliingia katika sikio la mtu ambaye macho yake tayari yalikuwa mabovu. John Hanning Speke, ofisa wa jeshi la Waingereza nchini India, alikuwa amefika ziwani mwezi uliotangulia pamoja na Richard Burton, macho yamemvimba hata ziwa lenyewe akaliona kama ukungu. Sasa alikuwa amevuka kwenda kumwomba mfanyabiashara mmoja Mwarabu amkodishie jahazi. Dhoruba ilipotulia aliwasha mshumaa ili apange vitu vyake, na mara hema likajaa mbawakawa wadogo weusi. Alipochoka kuwafukuza akalala nao. Mmoja wao akaingia kwenye tundu la sikio, akatambaa mpaka njia ilipokwisha, akaanza kuchimba.

Speke aliomba tumbaku, mafuta au chumvi. Hakupata hata kimoja. Akamiminiwa siagi iliyoyeyushwa, nayo haikufaa kitu, kisha akachukua kisu kidogo cha mfukoni na kukichomeka ndani. Mdudu alikufa na kidonda kikabaki. Uso ulipinda, majipu yakamtoka kuanzia sikioni kushuka begani, na kinywa kikashindwa kufunguka hata ikabidi alishwe supu kwa siku kadhaa. Alikaa miezi akiwa karibu kiziwi wa sikio hilo. Na kila alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi uliosikika kwa watu wa pembeni, nao wakacheka. Miezi sita au saba baadaye vipande vya yule mdudu, mara mguu, mara bawa, vilikuwa vingali vinatoka pamoja na nta.

Ziwa hilo ndilo linaloosha fukwe za Karema na Ikola, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Mkasa wa Speke haujazeeka. Wadudu bado wanaingia masikioni mwa watu waliolala, na mkono wa mtu aliyepatwa bado unakimbilia chochote chenye ncha: njiti ya kiberiti, chelewa ya ufagio, unyoya wa kuku, kifuniko cha kalamu. Speke alianza vizuri. Mafuta au kitu chochote laini cha majimaji humzamisha mdudu na kumnyamazisha, mradi ngozi ya ndani ya sikio haijatoboka wala sikio halitoi usaha, kisha mhudumu wa afya humtoa kwa vifaa vyake. Kisu ndicho kilichomponza.

Na ule mluzi ni somo zima la muundo wa sikio.

Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita 2.5 hivi, na mwisho wake umefungwa na ngozi nyembamba yenye upana wa kama sentimita moja. Ngozi hiyo Kiswahili kinaiita kiwambo. Neno hili limetoka moja kwa moja kwa watengeneza ngoma, maana kuwamba ni kuivuta ngozi mbichi juu ya mzinga mpaka ikaze. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye hewa, na kutoka chumbani humo mrija mwembamba unashuka hadi nyuma ya pua. Ndio unaofunguka abiria wa basi linaloteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa kuja Mpanda anapomeza mate, akasikia masikio yamezibuka. Kwa Speke kiwambo kilikuwa kimetoboka. Alipopenga kamasi, hewa ya puani ilipanda kwenye mrija, ikapita chumbani, ikatokea nje kwa tundu alilolifungua yeye na mdudu wake. Mtu mwenye kiwambo kizima hawezi kupiga mluzi huo hata ajitahidi vipi.

Mrija huo una jina la Mwitaliano, Bartolomeo Eustachi, aliyeueleza katika karne ya 16. Wakati huohuo wenzake walikuwa wakiipa majina mifupa mitatu midogo iliyoning'inia ndani ya kile chumba. Andreas Vesalius aliitazama miwili ya kwanza akakumbuka kiwanda cha mhunzi, akauita mmoja nyundo na mwingine fuawe. Wa tatu, mfupa mdogo kuliko yote katika mwili wa binadamu, wenye urefu wa milimita 3 hivi, ulifanana na kile chuma ambacho mpanda farasi hutia mguu. Ule mfereji wa ndani uliojizungusha mara mbili na nusu ukaitwa kwa Kilatini konokono.

Hapa ndipo penye hoja yenyewe. Majina ambayo mwanafunzi wa sekondari mjini Mpanda anayakariri kwa Kiingereza na Kilatini kama maneno ya watu wa mbali hayakuzaliwa yakiwa magumu. Yalikuwa maneno ya nyumbani na ya karakana. Waliotazama ndani ya sikio waliona vitu walivyovijua, wakavitaja kwa lugha ya mtaani kwao. Na kama kuna watu wenye haki ya kusema nyundo na fuawe, ni watu wa pande hizi. Hadi mwaka 2012 Katavi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa, na huko Ufipa wahunzi waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo zinazoitwa malungu, ambazo mabaki yake yangali yanaonekana. Mfupa wa tatu nao haumlazimu mtoto wa Usevya kumwona farasi kwanza. Kiswahili kinauita kikuku, na kikuku kwa wengi ni ile bangili ya mkononi au mguuni. Atakayeuona mfupa huo kwenye picha atakubali kwamba bangili iliyobanwa upande mmoja inaufaa.

Maneno, basi, yapo. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na kabla yake ilikuwa na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kasoro ni safari ya maneno hayo kutoka kwenye rafu mpaka kwenye benchi la zahanati ya Majimoto au Mwese. Kwenye benchi hilo, Kiswahili cha sikio kina utajiri wa nje na ufukara wa ndani. Kila mama anajua ndewe, pale panapotobolewa binti avae hereni. Kila mtu anajua nta, ingawa wengi huiita uchafu na kuichokonoa, na kumbe nta ni ulinzi: hunasa vumbi na wadudu, kisha ngozi ya tundu huisukuma nje yenyewe polepole, ikisaidiwa na taya mtu anapotafuna. Njiti ya kiberiti huirudisha ndani na kuishindilia kwenye kiwambo. Ukivuka kiwambo, maneno yanakwisha. Kila kinachotokea ng'ambo ya hapo kinabebwa na sentensi mbili tu: sikio linauma, na hasikii.

Sentensi ya pili ndiyo inayowaumiza watoto.

Kitenzi kusikia kina kazi nyingi mno kwa Waswahili. Mtu husikia sauti, lakini pia husikia njaa, baridi, harufu ya samaki na uchungu wa dawa. Tabibu anamuuliza mgonjwa anajisikiaje. Na mtoto anayetii huitwa msikivu, ambapo yule asiyetii hupewa hukumu fupi: huyu hasikii. Katika makazi ya Katumba na Mishamo, walikopokewa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 na ambako wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania, Kirundi nacho kina kitenzi kwumva, kinachobeba kusikia, kuhisi na kuelewa kwa pamoja. Hakuna ubaya katika hilo. Ni hekima ya lugha iliyoona kwamba sikio ni mlango wa akili na wa moyo pia. Lakini mlango ukiharibika bawaba, lugha hiyohiyo humlaumu mwenye nyumba. Hata methali inayopendwa kuliko zote kuhusu kiungo hiki, ile ya sikio la kufa kutosikia dawa, hutupiwa mkaidi. Ni nadra kusikia ikitumiwa kwa sikio ambalo kweli linakufa, na ambalo dawa ingelifaa.

Chukua mtoto wa miaka sita aliyepata mafua yasiyokwisha. Mrija wa watoto ni mfupi na umelala kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo maambukizi ya pua hupanda kwa urahisi. Ukivimba na kuziba, chumba cha nyuma ya kiwambo hukosa hewa na kujaa majimaji, ambayo mara nyingine huganda yakawa mazito kama ute wa yai. Mtoto halii, hana homa, na hakuna usaha. Ila nyundo, fuawe na kikuku vinajaribu kutikisika ndani ya ute. Sauti inamfikia kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Darasani anakaa nyuma, mwalimu anatoa maagizo akiwa ameelekea ubaoni, mtoto anafanya tofauti na alivyoambiwa. Nyumbani anatumwa chumvi analeta kisu. Hasikii, wanasema, na fimbo inafuata.

Ugonjwa huu hauna jina la Kiswahili linalojulikana na wazazi. Lingekuwapo, tuseme sikio la ute, mama angelitamka zahanati kama anavyotamka surua au degedege, na mwalimu angelikumbuka kabla ya kuinua mkono. Kwa maana kuna adhabu moja inayogeuza shaka kuwa ulemavu: kofi la sikio. Kiganja kinapolipiga sikio kikiwa bapa, hewa iliyo tunduni hubanwa ghafla na kiwambo huweza kuchanika. Mtoto aliyekuwa na upungufu wa kupita, ambao mara nyingi huondoka wenyewe baada ya wiki kadhaa, sasa ana jeraha. Mwandishi wa makala haya haoni namna ya kulisema hili kwa upole. Kofi la sikio lisiitwe malezi nyumbani wala nidhamu shuleni.

Usaha angalau huonekana, na pengine ndiyo maana umezoeleka. Kuna familia zinazouchukulia kama sehemu ya utoto, kitu ambacho mtoto ataacha akikua. Mwongozo wa tiba ya watoto wagonjwa unaotumika katika zahanati za Tanzania haukubali hivyo. Unamtaka mhudumu aulize kuhusu sikio kila mtoto anapoletwa, na unahesabu siku: usaha wa chini ya siku 14 ni maambukizi mapya, wa siku 14 au zaidi ni sugu, na uvimbe unaouma nyuma ya sikio ni dharura ya kupelekwa hospitali bila kuchelewa, kwa sababu mfupa wa hapo unapakana na ubongo. Sikio linalotoa usaha hukaushwa kwa kitambaa safi kilichosokotwa, tena na tena kila siku. Mafuta ya moto, maziwa ya mama na maji ya majani hayafai kutiwa humo. Hata matone ya dukani ni ya kuuliza kwanza, kwa sababu baadhi yake yakipita kwenye kiwambo kilichotoboka huweza kudhuru sikio la ndani.

Huko ndani ndiko kwenye hasara isiyolipika. Yule konokono, koklea kwa jina la kitabuni, amejaa maji, na katika maji hayo zimepangwa seli zenye vinywele vidogo sana, zaidi ya 15,000 kwa kila sikio. Kikuku kikigonga dirisha lake, maji hutikisika, vinywele hulala na kuinuka kama mpunga unaopigwa na upepo, na kila kinapolala kimoja umeme mdogo hupanda kwenye neva kwenda ubongoni. Sauti kali huvilaza moja kwa moja. Shamba la mpunga la Mpimbwe likikanyagwa na viboko hupandwa tena msimu ujao. Vinywele vya sikio la binadamu vikifa havioti tena.

Mkoani Katavi vinauawa kwa njia zinazojulikana. Homa ya uti wa mgongo ni moja. Nyingine ni dawa zenyewe: jentamaisini, streptomaisini iliyowatibu wagonjwa wengi wa kifua kikuu, na kwinini, ambayo vizazi vya wagonjwa wa malaria wanaikumbuka kwa ule mvumo masikioni. Mvumo wa kwinini mara nyingi hupita, na siku hizi sindano ya atesuneti imeshika nafasi yake kwa malaria kali. Jentamaisini ni dawa inayookoa watoto wachanga na hakuna anayesema iachwe, lakini ni ya kupimwa kwa uzito na kwa siku. Kisha kuna kelele. Kwenye machimbo ya dhahabu kama ya Dirifu, makarasha husaga mawe tangu asubuhi, na vijana huyasimamia masikio yakiwa wazi. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Asiye na mashine ya kupimia anaweza kutumia kanuni rahisi: ikibidi kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja asikie, kelele hiyo inaharibu. Kijana akirudi kambini jioni masikio yanavuma, zile si dalili za uchovu. Ni vinywele vinaomba msaada, na vizibo vya masikio vya bei ndogo vingevisaidia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 430 duniani wanahitaji huduma kwa sababu ya upungufu mkubwa wa kusikia, na kwamba kwa watoto karibu asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na visababishi vinavyozuilika. Siku ya kuwakumbuka ni Machi 3, iliyochaguliwa kwa sababu tarakimu 3 mbili zinafanana na masikio mawili. Tanzania nayo imepiga hatua ya kujivunia: tangu mwaka 2017 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusikia ndani ya koklea, kazi ambayo kabla ya hapo ilimpeleka mtoto India. Lakini kifaa hicho humfaa zaidi mtoto aliyegunduliwa mapema, kabla ubongo haujapita umri wa kujenga lugha. Mtoto wa Inyonga anayeitwa mkaidi hadi darasa la tatu amekwisha kuchelewa, hata kama fedha zingepatikana.

Wapo ambao hawatasikia kamwe, na hao pia wanadaiwa jina lao la haki. Wao wenyewe wanataka kuitwa viziwi. Neno bubu wanalikataa, kwa sababu wana lugha, na lugha yao ni ya alama. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, na si mbali kwa jiografia ya magharibi: iko Tabora, kule treni ya Mpanda inakokwenda. Mtoto aliyejulikana mapema kuwa kiziwi anaweza kufikishwa kwenye lugha hiyo akiwa mdogo. Aliyedhaniwa mjinga huachwa nyumbani achunge mbuzi.

Katavi ina historia ya tabibu aliyeishi na maneno ya wagonjwa wake. Adrian Atiman, mzaliwa wa pande za Timbuktu aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa na Wamisionari wa Afrika, alisoma udaktari Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880. Alioa huko, akatibu watu wa ufukwe huo kwa zaidi ya miaka 60, akafariki mwaka 1956 na kuzikwa hapohapo. Daktari hakai mahali muda huo wote bila kujua wagonjwa wanavyoyaita maumivu yao. Elimu yake ilitoka ng'ambo, lakini ilibidi ipite katika vinywa vya watu wa Karema ndipo iwe dawa.

Kinachodaiwa leo si kikubwa. Mchoro mmoja wa sikio, wenye majina ya Kiswahili na hakuna lugha nyingine, ubandikwe penye mizani ya kliniki ya watoto katika kila zahanati ya mkoa, na mwingine katika kila darasa la kwanza: tundu, kiwambo, nyundo, fuawe, kikuku, konokono, mrija. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba, wafundishwe kutenganisha maneno mawili ambayo lugha imeyaunganisha. Mama akisema hasikii, aulizwe: hasikii sauti, au hatii? Na swali hilo lisiishie hapo, kwa kuwa mzazi naye huenda hajui.

Kuna jaribio ambalo mama wa Katumba au mwalimu wa Sitalike anaweza kulifanya kabla ya kumtafuta daktari. Anachukua kopo dogo lenye punje chache za mchele. Mtu mwingine anakaa mbele ya mtoto na kumshughulisha kwa kitu kisicho na sauti. Mwenye kopo anasimama nyuma, hatua moja, upande wa kulia, akihakikisha kivuli chake hakionekani na miguu haitoi kishindo, maana mtoto asiyesikia ni hodari wa kuona na kuhisi mtikisiko wa sakafu. Anatikisa kopo taratibu usawa wa sikio, anangoja, kisha anahamia kushoto. Anarudia baada ya muda, bila kufuata mpangilio uleule. Mtoto anayegeuka upande mmoja tu, au asiyegeuka kabisa, anapelekwa kituo cha afya wiki hiyo, na kwenye kadi yake liandikwe sikio lipi halikusikia.